Sumukuvu na udumavu wa watoto Kongwa na Chemba: nitumie uwiano wa odi au kipimo kingine?

Mtafiti_Chemba

Wakuu, habari za kazi. Naandaa pendekezo la utafiti wa uzamili hapa Dodoma. Kabla sijaliwasilisha kuomba kibali cha maadili, naomba wenye uzoefu wa takwimu za afya mlipitie.

Swali la utafiti: je, watoto wa miezi 6 hadi 23 wanaokula nafaka yenye sumukuvu aina ya aflatoksini wamedumaa zaidi kuliko wenzao? Maeneo ni Kongwa na Chemba. Nimepanga vijiji 24, kaya 15 kila kijiji, jumla watoto 360. Kila kaya natembelea mara moja: dodoso kwa mama, urefu na uzito wa mtoto, na sampuli ya mahindi yaliyopo ndani. Nafaka ikizidi mikrogramu 10 kwa kilo, ambacho ndicho kikomo cha Afrika Mashariki kwa aflatoksini zote kwa pamoja, kaya nitaihesabu "imekutana na sumu". Mtoto akiwa chini ya −2 (mikengeuko sanifu miwili chini ya kiwango cha kati) kwenye urefu kwa umri kwa viwango vya WHO, amedumaa.

Uchambuzi: rigresheni ya lojistiki, ile inayotoa uwiano wa odi. Kwanza kila kigezo peke yake, vyenye p (uwezekano wa kupata uhusiano kama huo kwa bahati tu) chini ya 0.2 vinaingia kwenye modeli moja, na vitakavyobaki na p chini ya 0.05 ndivyo vihatarishi.

Ninapokwama: je, uwiano wa odi unafaa hapa, au nigeuze uwe utafiti wa wagonjwa na walinganishi, nikioanisha kila mtoto aliyedumaa na asiyedumaa wa kijiji kilekile? Watoto 360 wanatosha? Na sampuli ambazo mashine itasoma "haikuonekana" niziandike 0?

---

Rejista_ya_MTUHA

Mkuu, hongera kwa kuuliza kabla ya kwenda uwandani. Nianze na uwiano wa odi, maana kosa hili limejaa kwenye tasnifu nyingi za vihatarishi vya udumavu.

Odi ni waliopata tatizo kugawanya kwa wasiopata, si kwa jumla ya wote. Tatizo likiwa adimu, hesabu hizo mbili zinakaribiana. Likiwa la kawaida, zinaachana sana. Na udumavu kwetu ni wa kawaida: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa.

Chukua namba za mfano tu. Watoto 200 wenye sumu nyumbani, 90 wamedumaa, yaani 45%. Watoto 200 wasio nayo, 60 wamedumaa, yaani 30%. Uwiano wa viwango ni 45 kwa 30, sawa na 1.5. Uwiano wa odi ni (90/110) kugawanya kwa (60/140), unapata 1.91. Data ni ileile. Ukiandika "wana uwezekano wa kudumaa mara 1.9 zaidi", umemdanganya msomaji bila kukusudia, kwa sababu yeye atasoma 1.9 kama uwiano wa viwango. Sasa weka 9 na 6 badala ya 90 na 60: uwiano wa viwango ni uleule 1.5, na odi zinatoa 1.52. Hapo huna ugomvi na mtu.

Kwa hiyo kwa utafiti wako tumia rigresheni ya Poisson yenye makosa sanifu imara. Inakupa uwiano wa viwango moja kwa moja, na haikwami kama modeli ya binomia yenye kiungo cha logi, ambayo mara nyingi hugoma kufika kwenye jibu. Ukisahau hayo makosa sanifu imara, wigo wa uhakika utatoka mpana kupita kiasi, kwa kuwa Poisson hudhani matokeo yanaweza kuwa 0, 1, 2, 3 na kuendelea wakati yako ni 0 au 1 tu. Toa pia tofauti ya viwango: hapo juu ni watoto 15 zaidi kwa kila 100. Mganga mkuu wa wilaya atapanga bajeti kwa namba hiyo kuliko kwa uwiano wowote.

Kuhusu wagonjwa na walinganishi: muundo huo una thamani kubwa tatizo linapokuwa adimu au la ghafla. Mlipuko wa sumu ya aflatoksini wa 2016 uliogusa Chemba, Kondoa na Kiteto ulihesabiwa kuwa na wagonjwa 68 na vifo 20. Usingeweza kupima kaya bila mpangilio wilaya nzima ukitegemea kuwakuta hao wagonjwa. Kenya mwaka 2004, kwenye mlipuko wa wagonjwa 317 na vifo 125, wachunguzi walichukua wagonjwa 40 na walinganishi 80, na hao waliwatosha kuonyesha uhusiano na sumu iliyokuwa kwenye mahindi ya nyumbani. Udumavu si wa namna hiyo. Ukitembelea kaya 10, karibu 3 unawakuta. Kuanza na waliodumaa kunakunyima kiwango chenyewe na hakukuokolei gharama yoyote.

Ukishikilia kuoanisha kwa kijiji, basi uchambuzi lazima ufuate jozi. Mfano: jozi 145. Katika 50 wote wawili wana sumu nyumbani, katika 50 hakuna mwenye nayo, katika 30 anayo aliyedumaa peke yake, katika 15 anayo mlinganishi peke yake. Jibu linatoka kwenye zile jozi zinazotofautiana tu: 30/15 = 2.0. Ukizivunja jozi ukaweka kila kitu kwenye jedwali moja, unapata (80×80)/(65×65) = 1.51. Uhusiano umepungua kwa sababu tu umesahau ulivyokusanya. Zaidi ya hapo, majirani hununua soko moja na huvuna msimu mmoja, kwa hiyo jozi nyingi zitafanana kwa sumu na kutupwa nje ya hesabu. Umelipa mafuta ya gari kupata data isiyoongea.

---

Bambo_na_Gunia

Mwenzangu hapo juu amemaliza upande wa matokeo. Mimi naangalia upande wa kihatarishi, maana ndiko utafiti wa sumukuvu unakofia.

Aflatoksini haisambai sawasawa guniani. Punje chache zilizoshambuliwa na kuvu zinaweza kubeba karibu sumu yote, na punje iliyo kando yake ikawa safi. Ukichota kikombe kimoja juu ya gunia, unapima bahati. Hatua ninazoshauri kwa kila kaya: chomeka bambo (chuma cha kuchotea nafaka guniani) sehemu zisizopungua 5 kwa kila gunia, juu, kati, chini na pembeni, na kama kaya ina magunia kadhaa chota kutoka yote wanayokula sasa. Changanya hadi upate kilo 2. Saga kilo 2 zote ziwe unga laini, kisha uchanganye tena, ndipo utoe sehemu ya maabara. Wengi huchukua gramu 50 za punje nzima na kusaga hizo tu, na hapo kosa kubwa linakuwa limeshaingia. Mashine ya bei yoyote haiwezi kulitoa. Kinu kisafishwe kati ya sampuli na sampuli, la sivyo sampuli chafu inaichafua inayofuata. Mahindi yenye unyevu zaidi ya 13.5% yasikae kwenye mfuko wa nailoni siku kadhaa ndani ya gari. Kuvu wataendelea na kazi na utapima sumu iliyozaliwa njiani.

Kilo 2 ni chakula cha kaya. Beba mahindi yaliyopimwa ukawarudishie palepale, na gharama hiyo iwe kwenye bajeti.

La pili ni kile mtoto anachokula hasa. Kaya inayokula dona na inayokula sembe haziwezi kusomwa kwa mahindi ghafi yaleyale. Kukoboa huondoa sehemu kubwa ya aflatoksini, kwa kuwa hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na hivyo huenda na pumba. Pia mtoto wa miezi 9 hali sana ugali, anakunywa uji, na uji huo una karanga. Pima unga wa uji wenyewe, au mahindi na karanga zote mbili, kisha uzidishe kwa kiasi anachokula na ugawanye kwa uzito wake. Hapo unapata nanogramu kwa kilo ya mtoto kwa siku, ambacho ni kipimo cha mtoto. Mikrogramu kwa kilo ya mahindi ni kipimo cha gunia.

La tatu ni wakati. Udumavu hujengeka kwa miezi mingi, tena unaanzia tumboni. Sampuli yako ni ya siku moja. Sisi wa kanda ya kati tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, tunavuna Mei hadi Julai, na mahindi ya Februari si yale ya Juni: yamekaa ghalani, au yameisha na watu wananunua Kibaigwa. Hata ukipima damu, kiashiria cha aflatoksini iliyojishikiza kwenye albumini kinaeleza takriban miezi miwili mitatu iliyopita, kwa kuwa nusu ya albumini huisha mwilini ndani ya wiki tatu hivi.

Kosa la kupima la namna hii kwa kawaida linavuta uhusiano kuelekea 1. Tuseme uwiano wa kweli kwa kila kipimo kimoja cha logi ni 2.0, na kipimo chako kina uthabiti wa 0.5, yaani nusu ya tofauti unazoziona ni kelele. Utakachosoma ni 2.0 kwa kipeo cha 0.5, sawa na 1.41. Tafiti nyingi zilizotangaza "hakuna uhusiano" zinaweza kuwa zimesema tu kwamba kipimo kilikuwa dhaifu. Dawa yake ni kurudia: kaya 40 zichukuliwe sampuli ya pili, bora baada ya miezi kadhaa, ukokotoe uthabiti huo, kisha utoe matokeo mawili, yasiyosahihishwa na yaliyosahihishwa.

Zile za "haikuonekana" usiziandike 0. Kwanza logi ya 0 haipo. Pili si kweli kwamba hamna kitu; ipo chini ya kikomo cha kipimo. Kama ni chache, weka kikomo gawanya kwa kipeo mraba cha 2. Kikomo kikiwa 1.0, unaandika 0.71. Kama ni theluthi ya sampuli au zaidi, njia hiyo inatengeneza mlima bandia wa namba zinazofanana. Hapo weka vigezo viwili kwa pamoja: kimoja cha "imeonekana au haikuonekana", kingine logi ya kiasi kwa zilizoonekana tu. Namba ghafi za maabara zihifadhi kama zilivyo, na kikomo cha kipimo kiandike kwa kila kundi la sampuli, maana hubadilika kit ikibadilika.

---

Mtafiti_Chemba

Asanteni sana wakuu. @Bambo_na_Gunia, kama uthabiti ni mdogo hivyo, si afadhali nibaki na makundi mawili, juu ya 10 na chini ya 10, ili makosa madogo yasinisumbue? Na bado nasubiri jibu la hao 360.

---

Bambo_na_Gunia

Hapana, makundi yanaongeza shida. Kaya ya 9.8 na ya 10.3 ni moja kwa kila hali, lakini wewe unazitenga, huku ya 11 na ya 400 ukiziweka chumba kimoja. Kile kikomo cha 10 kiliwekwa kwa ajili ya biashara na udhibiti wa chakula. Hakuna anayedai kwamba mwili wa mtoto unabadilika hapo. Tumia logi ya kiasi kama kigezo endelevu, angalia kama mstari umenyooka au unapinda, kisha kwenye majadiliano ndipo utaje 10 kwa wanaotunga sera.

---

Klasta24

Nijibu la idadi.

Kwa mpango wako wa makundi mawili: tuseme unataka kuona tofauti ya 30% na 40%, kwa nguvu ya 80% (uwezekano wa kuiona tofauti hiyo ikiwa ipo) na p ya 0.05; hizo mbili ndizo zinazotoa ile 7.84. Fomula: 7.84 × (0.3×0.7 + 0.4×0.6) gawanya kwa 0.1 ya mraba. Ni 7.84 × 0.45 / 0.01 = 353 kwa kila kundi, na hapo bado hujagusa vijiji. Watoto wa kijiji kimoja wanafanana: maji, zahanati, mvua. Kiwango cha kufanana kikiwa 0.05 na watoto 15 kwa kijiji, kizidishi cha muundo ni 1 + 14×0.05 = 1.7. Sasa ni 601 kwa kundi. Watoto wako 360 wana taarifa sawa na watoto 212 tu waliochaguliwa kila mmoja peke yake. Haitoshi.

Ukipunguza watoto kwa kijiji na kuongeza vijiji unapata nafuu ya idadi: watoto 8 kwa kijiji, kizidishi ni 1.35, unahitaji 477 kwa kundi. Ila vijiji vitazidi 100, na mafuta ya gari ya vijiji hivyo yatakula bajeti ya maabara.

Na vijiji 24 vina tatizo jingine. Makosa sanifu imara yanayotumia kijiji kama klasta, yaani kundi la watoto wanaofanana, hufanya kazi vizuri klasta zikiwa 40 na kuendelea. Zikiwa chache, yanatoka madogo kuliko ukweli na kila kitu kinaonekana "kina maana". Tumia marekebisho ya sampuli ndogo, au modeli yenye athari nasibu za kijiji. Wilaya ya Kongwa imekuwa shule nzuri ya jambo hili. Jaribio la kunawa uso kuzuia trakoma lililochapishwa 1995 lilikuwa na jozi 3 za vijiji, kwa hiyo hata lingekuwa na maelfu ya watoto, idadi ya kulinganisha ilibaki ndogo. Jaribio la karibuni la kupunguza sumukuvu kwenye chakula cha watoto lilifanyika hapohapo Kongwa kwa maeneo 52 ya vituo vya huduma za afya. Ona walikofika kwenye idadi ya klasta.

---

Rejista_ya_MTUHA

@Klasta24 nakubali karibu yote, ila kizidishi cha 1.7 ni kwa kihatarishi ambacho kijiji kizima kinacho au hakina. Sumu ya mahindi inatofautiana ndani ya kijiji pia, kaya na kaya. Hapo kufanana kwa sumu nako kunaingia kwenye hesabu: 1 + (m−1) × kufanana kwa udumavu × kufanana kwa sumu, m ikiwa idadi ya watoto kwa kijiji. Kufanana kwa sumu kukiwa 0.3, unapata 1 + 14×0.05×0.3 = 1.21. Idadi inashuka hadi 428 kwa kundi.

---

Klasta24

Sahihi kabisa, na ni sababu nzuri ya kufanya majaribio madogo kwanza ili ajue hiyo 0.3 kwake ni ngapi. Lakini ulichookoa hapo kinaweza kupotea sehemu nyingine: hesabu zetu zote zimedhani makundi yako nusu kwa nusu. Mwaka wa mvua nzuri huenda kaya moja kati ya tano ndiyo itazidi 10. Kwa 20% dhidi ya 80%, jumla ya watoto inazidishwa kwa 1/(4×0.2×0.8), yaani 1.56. Zile 428 kwa kundi, yaani 856 kwa jumla, zinakuwa 1,335 hivi.

Njia ya kutoka kwenye mtego huu, mkuu Mtafiti_Chemba, ni kuacha pia kukata udumavu kwa −2. Tumia alama ya urefu kwa umri kama namba endelevu kwenye rigresheni ya kawaida. Mkengeuko sanifu ukiwa 1.2, kuona tofauti ya 0.3 kunahitaji 2 × 7.84 × 1.44 / 0.09 = 251 kwa kundi badala ya 353. Na tofauti hiyo ya 0.3 ni karibu ileile uliyokuwa unaitafuta: inapandisha waliodumaa kutoka 30% hadi 39% hivi. Asilimia za udumavu zibaki kwenye jedwali la pili kwa ajili ya wanaozizoea.

Ila namba endelevu inadai upimaji safi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, mkengeuko sanifu wa urefu ni kama sentimita 2.4 tu, kwa hiyo kosa la sentimita 1 linahamisha alama kwa 0.4, zaidi ya athari unayoitafuta. Chini ya miaka miwili anapimwa amelala kwenye ubao, magoti yamenyooshwa, watu wawili wakishika. Akipimwa amesimama, ongeza sentimita 0.7. Pima mara mbili, na tofauti ikizidi sentimita 0.7 pima ya tatu. Tarehe ya kuzaliwa itoke kwenye kadi ya kliniki, maana mama akikadiria "ana mwaka" unaweza kupotea miezi miwili. Wapimaji wachanganywe wilaya zote mbili. Timu moja ikikaa Kongwa na nyingine Chemba, tofauti ya wapimaji inageuka tofauti ya wilaya. Ratiba nayo hivyohivyo: msimalize Kongwa Juni ndipo muende Chemba Septemba. Pishaneni wiki kwa wiki.

---

Mchora_Mishale

Nimesubiri mtu aguse ile hatua ya "p chini ya 0.2" lakini wamepita. Naomba uifute kabisa, ndugu yangu. Kompyuta haijui kipi kinasababisha kipi. Kigezo kinaweza kuvuruga uhusiano wako vibaya sana na bado kikawa na p ya 0.35 kikiwa peke yake. Kingine kinaweza kuwa na p ya 0.001 na kukiweka ndani kukaharibu kila kitu.

Chukua karatasi, chora mishale kabla ya kugusa data. Jiulize kwa kila kigezo: kinasababisha sumu kuwepo na pia kinasababisha udumavu? Hicho ni kivurugo, kiingie, p yake iwe ngapi. Kipato cha kaya kimo humo, kwa kuwa kinaamua kama wana turubai la kukaushia na mfuko usiopitisha hewa, na pia kinaamua mtoto anakula mayai au la. Elimu ya mama, umbali hadi barabarani, msimu, wilaya, mchanganyiko wa chakula: vyote vimo.

Umri ndio hatari zaidi kwa watoto wako. Mtoto wa miezi 6 bado ananyonya, nafaka anayokula ni kidogo, na kwa kawaida hajadumaa sana. Wa miezi 20 anakula uji na ugali kila siku, na kudumaa kumeshaongezeka kwa sababu nyingi zisizohusu sumu. Ukipima kiasi anachokula bila kurekebisha umri vizuri, utapata uhusiano mzuri sana wa umri na umri. Makundi mawili ya 6–11 na 12–23 hayatoshi. Weka umri kwa miezi, kwa splaini (mstari unaoruhusiwa kupinda) yenye vifundo vitatu au vinne.

Kisha vilivyo njiani. Kama aflatoksini inaharibu utumbo na kinga, mtoto anaharisha, na kuharisha kunamdumaza, basi ukiingiza kuhara kwenye modeli umeziba njia moja ya sumu yenyewe na kuita kilichobaki "athari". Uzito wa sasa wa mtoto vilevile usiingie. Uzito wa kuzaliwa unahitaji mjadala: kama mama alikula mahindi hayohayo akiwa mjamzito, nao uko njiani.

Mshale wa kurudi nyuma msiusahau. Mtoto akionekana mdogo, mama huambiwa kliniki ampe uji wa lishe wenye karanga na mahindi. Akipimwa siku hiyo, waliodumaa ndio wanaokula karanga nyingi. Utafiti wa kutembelea mara moja hauwezi kutenganisha hayo. Ukipata fedha kidogo zaidi, wafuatilie watoto haohao, pima sumu miezi 6 na 12, urefu miezi 6, 12 na 18. Kama huna, basi uliza mama lishe ilibadilishwa lini na kwa nini, na uchambuzi wa pili uwaache nje waliobadilishiwa kwa ajili ya udogo wao.

Na kuna fumonisini. Inatoka kwa kuvu wengine lakini hukaa kwenye mahindi yaleyale. Utafiti uliochapishwa 2015 uliofuatilia watoto 166 katika Iringa, Tabora na Kilimanjaro ulikuta fumonisini ndiyo iliyohusiana na ukuaji duni, huku uhusiano wa aflatoksini ukiwa dhaifu. Wakati huohuo utafiti wa Benin na Togo wa 2002, watoto 480, ulikuta uhusiano mkali na aflatoksini. Ukipima moja tu, hutajua unaisoma ipi. Sampuli yako ya unga tayari unayo, kwa hiyo hifadhi gramu 200 kwenye friza za kupimia ya pili.

Kwenye kuandika: matokeo ni mstari mmoja, sumu na urefu. Vigezo vingine viliingia kusafisha mstari huo. Usitoe jedwali lenye vigezo 14 na kusema kila kimoja ni "kihatarishi huru", kwa sababu mishale uliyochora ni ya sumu, haikuchorwa kwa elimu ya mama. Na mwisho toa thamani ya E. Uwiano ukiwa 1.5, hesabu ni 1.5 + kipeo mraba cha (1.5×0.5) = 2.37. Maana yake kivurugo usichokipima kingehitaji kuhusiana mara 2.37 na sumu na pia mara 2.37 na udumavu ili kufuta matokeo yako yote. Fanya pia kwa ncha ya chini ya wigo wa uhakika: ikiwa 1.1, thamani ni 1.43 tu, na kipato kisichopimwa vizuri kinaweza kufika hapo kirahisi.

---

Mtafiti_Chemba

Nimeelewa. Nabadilisha: namba endelevu pande zote mbili, vijiji 40, watoto 15, kaya 40 za kurudia, mchoro wa mishale kwenye kiambatisho. Poisson itabaki kwa jedwali la pili. Kwenye fomu ya maadili kuna kipengele cha "matokeo ya mtu binafsi yatarudishwaje". Mnaandikaje hapo?

---

Bambo_na_Gunia

Andika kiwango, muda na mtu. Mfano: sampuli yoyote inayozidi 10 kaya itaarifiwa ndani ya wiki moja, na inayosoma mamia ndani ya saa 48, kwa simu na kwa kufika, kwa kupitia mhudumu wa afya ngazi ya jamii, huku mganga mkuu wa wilaya na afisa kilimo wakipewa taarifa. Hiyo ina maana maabara isome kila wiki. Ukikusanya sampuli zote hadi mwisho wa kazi ya uwandani, ahadi hiyo haitekelezeki. Weka fungu la mahindi salama ya kubadilishia kaya nafaka yote iliyobaki, kwa sababu kaya isiyo na chakula kingine haitaacha kula kwa kuambiwa. Majina ya kaya yasionekane kwenye orodha yoyote inayopita ofisi ya kijiji.

Na mahindi mtakayochukua myaharibu kwa kuyachoma au kuyafukia. Yasiuzwe kwa mwenye kinu wala kugawiwa kuwa pumba za mifugo, maana ng'ombe akila aflatoksini B1, maziwa yake hutoka na aflatoksini M1, na maziwa hayo yanarudi kwa mtoto yuleyule.